Ndugu wa Kike, Ndugu wa Kiume

Kianyaga,
4 Februari 1979

Kwa ndugu yangu Karimi,

Pokea salamu za hapa kwetu. Zimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu mtoto ananishika mimi. Sisi ni wazima. Mdogo anaota meno na hakuna anayelala, wa katikati ameanza kuniita "Wawira" kama baba yake anavyoniita, na mkubwa anakohoa, lakini ni kikohozi cha vumbi tu. Baba yao Ngatia yuko, ingawa kiwanda cha kahawa kinamrudisha nyumbani akiwa amechoka mpaka hasemi. Na wewe je, kifua kilipona? Cherehani bado inakula uzi?

Karimi, niko na neno. Tumeanzisha masomo hapa, akina mama wenyewe. Kila Alhamisi alasiri tunaingia nasari ya kanisa, tunakalia vile viti vya watoto mpaka magoti yanagusa kidevu. Mimi niliyefika darasa la saba tu ndiye mwalimu wa kusoma. Usicheke. Lakini sifundishi peke yangu. Tulikubaliana kila anayeingia alete jambo moja analolijua, awape wengine. Mwenyekiti ni Gaudencia, bibi ya sajini wa polisi, mtu wa kutoka magharibi. Yeye anatufundisha mambo ya baraza la chifu: mwanamke anaweza kusema nini, na karatasi gani asikubali kuwekea kidole gumba. Cucu Wakuthii, nyanya wa kijiji kizima, ndiye mzee kuliko sisi wote, hajui hata A, lakini anajua ni mwanamke gani alilima shamba gani kabla mipaka haijawekwa. Akianza kutaja, tunaandika sote.

Na tuko na sheria moja. Huko nje kila mtu anakuuliza: wewe ni bibi ya nani, binti ya nani, mama ya nani? Ndani ya nasari hakuna kuulizwa wewe ni wa nani. Unataja jina lako, unakaa.

Sasa hakuna hata mmoja wetu anayejua kukata nguo. Nikasema mimi niko na ndugu Mukurweini, fundi wa nguo za kike. Walipiga makofi. Njoo, tafadhali. Huku hawajui maneno ya kwetu Baricho. Wataona mwanamke anaitwa Karimi ameshika mkasi, basi.

Mama nilimwona Krismasi. Bado anasema "yule mvulana wangu aliyepotea", na mimi nanyamaza, nikijua hujapotea. Uko Mukurweini, umevaa rinda, una jina la nyanya yetu, na wateja wamejaa mlangoni.

Ni mimi ndugu yako,
Wawira


Mukurweini,
18 Februari 1979

Wawira mdogo wangu,

Salamu zako zimefika zikiwa na alama ya kidole cha mtoto, nafikiri ni uji. Nimeiacha hapo hapo. Mimi sijambo. Kifua kimetulia tangu mvua iishe. Cherehani ni ile ile, inashona kama inakataa. Hapa ndizi zimekuwa nyingi mpaka wateja wengine wananiletea mkungu badala ya shukrani. Mkubwa mpe maziwa moto na usimruhusu kulala na nywele zenye maji.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nataka kuja. Nataka sana, na hiyo ndiyo inanitia woga. Hapa mjini niko na wateja, sina wenzangu. Mwanamke anakuja, anapimwa, anasema siri zake kwa sababu nimeshika pini mdomoni na siwezi kujibu, kisha anaenda. Kukaa na wanawake kwa duara moja, nami nikiwa mmoja wa wanaokaa, sijawahi.

Lakini nikuulize swali kabla sijafunga mkasi kwa kitambaa. Wakikuuliza mimi ni nani wako, utasema nini?

Nauliza kwa sababu miaka yote hii umeniandikia "ndugu". Ni neno zuri, sikatai. Lakini ni neno la blanketi. Linafunika wa kike na wa kiume, na anayeangalia haoni ni nani amelala chini yake. Kwa barua ni sawa. Mbele ya watu kuna siku mtu atafunua.

Unakumbuka Mama alivyopenda kusimulia? Kwamba siku niliyozaliwa mimi alipiga ngemi tano, vigelegele vitano vya mtoto wa kiume, mpaka ng'ambo ya mto wakajua. Halafu wewe ulipokuja alipiga tatu, za msichana. Wewe ulikuwa unanuna, ukisema umepunjwa. Mimi nilikuonea wivu zile tatu. Sijawahi kukuambia.

Nitakuja Alhamisi ya kwanza ya Machi. Mwambie kila mmoja alete amerikani yadi mbili, na asikate kitu kabla sijafika.

Ni mimi mkubwa wako,
Karimi


Kianyaga,
1 Aprili 1979

Ndugu yangu Karimi,

Sijui kama nina ruhusa ya kukusalimu. Hata hivyo hujambo? Ulifika salama? Watoto wanauliza mbona umeondoka bila kuwaaga. Nimewaambia ulikuwa na haraka. Huo ni uongo wa pili kwa siku moja, ule wa kwanza haukuwa hata na maneno.

Nataka kuandika vile nilivyoona, kwa sababu wewe ulikuwa umeinamia mkono wa blauzi ya Cucu Wakuthii na labda unafikiri sikuona chochote.

Alhamisi tatu zile zilikuwa tamu. Nilikuwa sijawahi kusikia kelele kama ile ndani ya nasari. Uliwaambia, "Msiogope kitambaa, kitambaa ndicho kinaogopa mkasi," na hata wasiojua kuandika tarakimu wakajifunza tarakimu kwa sababu ya kupima viuno vyao. Cucu alipopimwa kifua alisema, "Andika hapo, lakini ujue zamani ilikuwa nyingi." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilifikiri moyoni: sasa dunia imekaa mahali pake.

Alhamisi ya nne Gaudencia aliingia akiwa hajasalimia mtu. Akasimama karibu na ubao.

"Wawira, kabla hatujaendelea. Kuna mtu ameleta maneno kutoka Baricho. Huyu fundi ni nani yako?"

Nikasema, "Ni ndugu yangu."

"Hiyo najua. Nauliza ndugu wa kike ama ndugu wa kiume?"

Karimi, nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilishika fundo la shuka nikaanza kulikaza. Halikuwa limelegea. Nililikaza hivyo hivyo, kama mtu aliyepewa kazi muhimu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kwani ni swali ngumu? Hata mtoto wa nasari angejibu." Wengine wakacheka. Mimi bado na fundo.

Kisha nikasikia sauti yako. Hukusema nami. Ulisema, "Cucu, usiinue mkono, kuna pini." Ukatoa pini za mkono ule, moja baada ya nyingine, polepole, ukazichoma kwa kitambaa chako cha pini. Ukamshusha Cucu mkono kama unamshusha mtoto usingizini. Ukatoka.

Mkasi wako uliubakisha mezani. Uko hapa kwangu, nimeufunga kwa kitambaa.

Niliogopa. Niliwaogopa wao, niliogopa Ngatia akisikia, niliogopa nitafukuzwa nami sina mahali pengine pa kukaa bila kuulizwa mimi ni wa nani. Haya si majibu, najua. Nakuandikia tu ujue ni woga, si chuki.

Nijibu, hata kama ni matusi.

Ndugu yako,
Wawira


Kianyaga,
6 Mei 1979

Karimi,

Salamu. Mvua imeanza, kahawa imechanua, mlima umejifunika kabisa. Mkubwa amepona kikohozi. Sikupata jibu.

Nasari tunakutana bado. Blauzi ambazo hazijaisha zimetundikwa ukutani, nusu mkono, nusu shingo. Hakuna anayezigusa. Mimi nafundisha nikiwa nimezipa mgongo.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunasoma neno "dada". Ni neno rahisi, silabi moja mara mbili, ndiyo maana nililiandika. Nilipowaambia walisome, mimi niligeuka kutafuta chaki niliyokuwa nayo mkononi. Cucu Wakuthii alinitazama mpaka nikafuta ubao.

Mkasi nimeupaka mafuta usishike kutu.

Wawira


Mukurweini,
27 Mei 1979

Wawira,

Natumaini watoto ni wazima. Mimi ni mzima. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa kali kuliko mkono wangu unavyopenda kuandika.

Unasema ni woga, si chuki. Nakuamini. Lakini mimi niliyekaa pale sikuwa na njia ya kupima tofauti. Zote mbili zina kimya cha aina moja.

Watu wameniita majina mengi, sokoni, hata kanisani. Nimezoea kama mtu anavyozoea moshi wa jikoni: macho yanalia, lakini chakula kinaiva. Sikuja Kianyaga kutafuta watu wasionicheka. Nilikuja kwa sababu wewe ulisema njoo. Na swali nilikuuliza mapema, kwa barua, nikakupa siku za kutosha kulifikiria. Hukunijibu hata kwa barua. Ningejua.

Sikutaka unipiganie. Una mtoto mgongoni, utapigana na nani? Nilitaka neno moja, lile lile unalowafundisha wengine ubaoni.

Nikukumbushe kitu, kwa sababu inaonekana umesahau kwamba neno hilo ulilijua kabla ya kujua kusoma. Ulipokuwa na miaka saba kuni zilikuwa zinakuumiza shingo. Nilikuwa nakungoja kwenye kona ya mto, navaa ile kamba ya kuni kichwani, nabeba mimi. Baba alituona. Alinichapa kwa kubeba mzigo wa wanawake, na wewe ukalia kuliko mimi. Ulikuwa unaniita nini siku hizo? "Mwari wa maitu." Binti wa mama yangu. Hakuna aliyekufundisha, na hakuna aliyekuuliza una hakika gani. Ulipelekwa shule, wakakufundisha kulisahau.

Alama ya ile kamba bado iko kichwani. Nikisuka nywele msusi anauliza ni nini. Namwambia ni kuni za mdogo wangu.

Usiniandikie tena "ndugu". Kama neno lingine halitoki, usiniandikie kabisa. Nasema kwa upole, lakini nasema.

Mkasi kaa nao. Ila usiukatie karatasi, unaharibika makali.

Karimi


Kianyaga,
12 Agosti 1979

Kwa dada yangu mkubwa, Karimi,

Nimeliandika. Nimengoja muda huu wote kwa sababu sikutaka kuliandika kwa karatasi kabla sijalisema kwa mdomo. Ningekuwa nimekupa blanketi lingine tu.

Salamu za hapa ni nzuri. Mdogo ana meno mawili na ameniuma. Ngatia nimemwambia yote. Alienda kiwandani, akarudi jioni, halafu akauliza kama ndiye wewe uliyemshonea mkubwa ile kaptura isiyochanika. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Huyo ndiye Ngatia, sijui kama hiyo "haya" ina nini ndani, lakini mlango hakuufunga.

Alhamisi iliyopita nilisimama nasari kabla ya masomo. Nilimweka mtoto chini kwanza, mikono isipate fundo la kushika. Nikasema, "Gaudencia, uliniuliza swali mwezi wa tatu. Sikujibu. Karimi ni dada yangu. Ni ndugu wa kike. Mama yetu alimzaa akafikiri ni mvulana, na yeye mwenyewe amekuwa akisema hapana tangu alipojua kusema. Mimi nilimwita dada nikiwa mtoto, nikaacha kwa aibu. Sasa nimerudi."

Nje, dada, nilisikia kuku wa padre wakichakura.

Gaudencia hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga. Alisema, "Mimi hii nyumba ndogo ndiyo mahali pekee siogopi nyayo za mtu akija nyuma yangu. Nyote mnajua kwangu kukoje. Hapa hakuna mwanamume. Ukinifungulia mlango huo, mimi nitakaa wapi?"

Maneno yake yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Tumeona alama shingoni mwake Jumatatu nyingine. Nikamwambia, "Hakuna mwanamume aliyeingia. Aliyeingia ni dada yangu, na yeye alichapwa na mkono kama huo huo unaouogopa wewe. Alichapwa kwa kubeba kuni zangu."

"Na wewe umejuaje ni mwanamke?"

"Vile wewe unajua wewe ni mwanamke. Nani alikupima?"

Yule wa nyuma akaanza, "Aii, lakini si kuna njia ya kuangalia..."

Hakumaliza. Cucu Wakuthii aligonga sakafu na fimbo yake.

"Angalia nini? Anza na mimi!" akasema. "Mimi nilioa. Bwana yangu alikufa bila mtoto, nikatoa mbuzi na ng'ombe, nikaleta msichana nyumbani kwangu, na watoto wake wanaitwa kwa jina la nyumba yangu. Kwa mambo ya mahari mimi ni baba. Wazee walikula nyama yangu na hakuna aliyeniambia nivue leso aone. Gaudencia, mbona mimi hukuniuliza ni wa kike ama wa kiume?"

Gaudencia akasema, "Cucu, wewe ni tofauti."

"Ni tofauti, ndiyo, mimi ni mbaya zaidi. Huyo msichana alinipa blauzi, mimi sijawahi kumpa mtu kitu."

Walicheka, hata waliokuwa wamekunja uso. Kisha akaacha mzaha. Alisema sheria ya kutoulizana wewe ni wa nani tuliitunga wenyewe, na siku ya kwanza tulipomwuliza mtu tuliivunja kwa mkono wetu, na blauzi zile ukutani ndizo ushahidi. Akasema yeye alikaa pale mkono ukitolewa pini, naye akanyamaza kama mimi, na kwa umri wake aibu haitoki haraka.

Halafu akaniuliza, "Mama yenu alipiga ngemi ngapi akizaliwa?"

Nikasema, "Tano."

"Walikosea hesabu," akasema Cucu. "Hata wewe si unatufundisha hesabu? Ikikosewa inafanywaje?"

Nikasema, "Inafutwa, inafanywa upya."

"Haya. Tokeni nje."

Dada, tulitoka. Tulisimama pale nyasini mbele ya nasari, wanawake watu wazima, mchana, mimi na mtoto mkononi. Cucu akaanza, tukamfuata. Moja. Mbili. Tatu. Kisha akainua fimbo, tukanyamaza. Watu wa kiwandani walisimama kuangalia.

Sitakudanganya. Wawili walichukua vikapu vyao wakaenda nyumbani, na nafikiri hawatarudi. Gaudencia hakupiga ngemi. Alibaki ndani amekalia kile kiti cha mtoto, anatazama chini. Lakini hakwenda. Tuliporudi alikuwa ameshusha blauzi ya Cucu ukutani, anaigeuza geuza, na akaniuliza bila kunitazama, "Huu mkono unaingia upande gani?" Nikamwambia sijui, anayejua yuko Mukurweini.

Hukusikia. Sauti zetu hazifiki huko, kuna milima na mito katikati. Hilo ndilo linaniumiza: kwamba nilikuaibisha ukiwepo, nikakuheshimu ukiwa haupo. Sikuombi urudi kwa sababu ya hayo. Nimeandika ili uwe nazo kwa karatasi, zile tatu, mpaka siku utakapozitaka kwa masikio.

Ni mimi mdogo wako, binti wa mama yako,
Wawira


Mukurweini,
2 Septemba 1979

Mdogo wangu Wawira,

Salamu nyingi kwako, kwa watoto, na kwa huyo Ngatia wa "haya". Mwambie kaptura nyingine iko njiani. Meno mawili ni mwanzo tu, jifunge kifua.

Sijui ni lini nitakuja Kianyaga. Usinihesabie Alhamisi. Bado nikifikiria ule mlango miguu inakuwa mizito, na sitailazimisha. Mwambie Gaudencia mkono unaingia na mshono ukitazama chini ya kwapa, na aushikize kwanza kwa uzi mrefu kabla ya kushona. Akikwama aniandikie yeye mwenyewe. Si kwa mkono wako. Kwa mkono wake.

Barua yako niliisomea nyuma ya duka, mlango wazi, kimoyomoyo, nikiwa katikati ya kazi. Nilipofika pale Cucu anawaambia tokeni nje, nikasimama. Sijui kwa nini, nilisimama tu, na pini mdomoni. Nikazitoa. Nikasoma moja, kwa sauti. Nikasoma mbili. Ya tatu, Wawira, sikuisoma, niliipiga. Ilitoka kubwa kuliko nilivyofikiri niko nayo.

Jirani yangu alitoka mbio na mikono ya unga.

"Karimi! Ni nani amezaa?"

Nikamwambia, "Ni kwetu. Ni msichana."

Ni mimi dada yako,
Karimi